Tulioana Pangani kwenye harusi ya wenzetu

Mabinti wa kaka zangu wamekua, na wakianza kuzungumza habari za wachumba hunigeukia mimi. "Shangazi, hebu tusimulie ulivyotoroshwa." Wanataka usiku wa giza, wanataka mashua, wanataka baba amesimama mlangoni na panga. Nawahurumia. Tuliondoka Tanga saa tatu asubuhi, kwa nauli aliyoitoa baba mwenyewe, na mdogo wangu wa kiume amekaa katikati yetu kwenye kiti cha basi. Kama huko ni kutoroshwa, basi nilitoroshwa kwa kibali.

Ila jua lilipozama nilikuwa mke wa mtu, na hakuna aliyepanga hivyo. Si mimi, si mwenzangu, si shangazi yake tuliyekuwa tukimwendea. Aliyekuwa na mpango ni mama, na mpango wake ulikuwa mwingine kabisa.

Ilikuwa mwaka 2005. Posa ilikwishajibiwa, na jibu lilikuwa zuri. Mwenzangu alikuwa fundi baiskeli pale Ngamiani, na kwa anayeijua Tanga hiyo si kazi ya kudharauliwa: mji ni tambarare, wazee wanakwenda msikitini kwa baiskeli, kina mama wanakwenda sokoni kwa baiskeli, na mtoto akipakiwa nyuma hakuna anayegeuka kutazama. Fundi mzuri halali njaa. Baba alimkubali siku ya kwanza kwa sababu alimkaza breki bila kumtoza hela.

Kilichotuchelewesha ni shughuli, yaani sherehe za harusi za kina mama. Mtu wa Pwani nikimwambia neno hilo hahitaji maelezo, lakini wasomaji wa bara wanivumilie. Mama alitaka siku ya singo, yaani kusuguliwa mwili kwa manukato, siku ya hina, kesha, nikaha yenyewe, kombe la bwana harusi, na kila siku na sare yake. Upande wa mwenzangu nao ulikuwa na orodha: kilemba cha baba, mkaja na ubeleko wa mama, kifungua mlango, na begi la bi harusi ambalo lilikuwa likiongezewa vitu kila wajumbe wa kike walipokutana. Tuliambiwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mfungo Mosi ukapita, tukaambiwa Mfungo Tatu, mwezi wa Hija. Ukapita nao, tukaambiwa tungoje Maulidi yaishe. Baba alikuwa amestaafu reli, na kiinua mgongo chake nilikiona kikiyeyuka kwenye sare za watu ambao hata majina yao hakuyajua.

Pangani tulitumwa kwenda kumwambia shangazi tarehe mpya na kumtaka radhi kwa ile ya zamani, maana alikwishaagiza kuku.

Barabara hiyo enzi zile ilikuwa vumbi tupu. Tongoni, Kigombe, kisha mistari ya mkonge hadi unahisi basi limesimama na mkonge ndio unaotembea. Tulifika tukiwa wekundu mpaka kwenye nyusi. Shangazi alitumwagia maji miguuni, akatupa kanga safi, akasema tufanye haraka kula, jirani anaozesha baada ya Alasiri na yeye ndiye mpishi mkuu wa pilau.

Kwa hiyo tulikwenda harusini. Hatukualikwa, lakini mgeni wa mpishi hafukuzwi.

Nilikuwa sijawahi kuiona nikaha kwa karibu. Wanawake huwa tuko uani tunashughulika na sinia, na tukisikia wanaume wameitikia dua ndipo tunapiga vigelegele. Siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa mgeni na sina kazi, nilikaa chumba cha mbele nikachungulia dirishani. Barazani kulikuwa na mikeka miwili, chetezo cha udi, na kijana anayetoka jasho mpaka kanzu imemganda mgongoni. Shehe akasoma hotuba. Akamshika mkono bwana harusi, akamtajia jina la binti na la baba yake na mahari, kijana akajibu amekubali. Mashahidi wakatikisa kichwa. Al-Fatiha. Halwa ikapita, kahawa ikafuata. Mzee aliyekuwa anasinzia pembeni alipozinduka ilikuwa imekwisha.

Nikatoka uani. Mwenzangu alikuwa kisimani anamsaidia mtu kuvuta ndoo. Akaniuliza, "Umeona?"

"Nimeona."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Akaweka ndoo chini. Wanaume wa Kibondei wana tabia ya kunyamaza pale ambapo mwingine angetoa hotuba, na huyu wangu alinyamaza kama mtu anayesikiliza wapi tairi linavuja. Kisha akasema, "Shehe bado yupo. Pilau lipo. Mashahidi wamejaa barazani." Hakuniuliza kama nataka. Nilikuwa nimeshaanza kujifunga kanga upya.

Shehe alicheka, halafu akakunja uso. Aliniita mlangoni, akanihoji nikiwa ndani na yeye nje. Baba yu hai? Yu hai. Yuko wapi? Tanga. Akatingisha kichwa. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii, akasema, na binti haozwi bila walii wake, yaani mwenye haki ya kumwozesha, ambaye kwanza ni baba. Iko nafasi ya kuozeshwa na kadhi walii akiwa mbali, lakini mbali kwa Shafii kuna kipimo: marhala mbili, ambazo kwa hesabu ya leo ni kilomita 80 na kitu. Pangani na Tanga ni kama 50. "Mngekwenda Mombasa ingekuwa neno jingine," akasema, na nadhani alikuwa anatania, ingawa mwenzangu alionekana kupiga hesabu ya nauli.

Halafu shehe akauliza kama baba ana simu.

Baba hakuwa na simu. Duka la jirani yetu lilikuwa nayo. Shehe akachukua namba, akajitenga na simu yake chini ya mwembe, na sisi tukabaki tunatazama mgongo wake. Niliona anasubiri baba aitwe. Niliona anasalimia, salamu ndefu za kiungwana. Kisha akasikiliza muda, akacheka, akasikiliza tena. Aliporudi alisema, "Mzee kaniuliza maswali mawili. La kwanza, binti kasema mwenyewe kwamba anataka? Nikamwambia kasema. La pili, pilau la nani? Nikamwambia la jirani wa shangazi. Basi kanifanya wakili wake, niozeshe."

Ndivyo sheria ilivyo: walii anaweza kumfanya mtu mwingine wakili wake akaozesha badala yake. Baba alikuwa anaijua vizuri. Miaka mingi baadaye alinihadithia kwamba siku ile, simu ilipoita, alikuwa amekaa barazani na karatasi ya bei ya mchele mkononi.

Mwenzangu akaazimwa kanzu na mume wa shangazi, mtu mfupi, ikamfika katikati ya muundi. Mimi nikatiwa ndani, nikafunikwa kanga mpya ya shangazi ambayo bado ilikuwa na harufu ya dukani. Wanawake wakaninong'oneza kwamba shehe akija kuuliza idhini ninyamaze, maana kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake. Shehe akaja mlangoni, akauliza, nikajibu "Ndiyo" kwa sauti ambayo barazani waliisikia. Bibi mmoja akanifinya. Akauliza mahari. Kuna mahari yaliyokwishakubaliwa Tanga, kitanda na fedha, lakini hivyo vilikuwa vya harusi ile nyingine. Nikasema nataka baiskeli. Ya kike, yenye kapu mbele, na aiunge kwa mkono wake. Shehe akarudia, "Baiskeli," ili awe na hakika, na nikasikia baraza zima inacheka.

Tukaozwa. Bi harusi mwenyewe wa siku ile, yule wa haki, alinipa nusu ya mkufu wake wa asumini. Sijui yuko wapi sasa. Kila nikipita Pangani nauliza, naambiwa walihamia Zanzibar.

Cheti hatukupewa. Shehe alikuwa mtu wa taratibu, akatuambia tukapeleke taarifa kwa msajili kwanza. Nilipokuja kuisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nilielewa: inataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya kuoana. Lakini kifungu cha 41 kina huruma na watu kama sisi. Kinasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa kukosa taarifa, na haibatiliki pia kwa kutofuata mila yoyote ya mahari au ya kupeana zawadi. Serikali imeshasema, zawadi si sharti. Mama hajaisoma sheria hiyo, na angeisoma angeuliza hao wabunge walitunza harusi ya nani.

Fungate yetu ilikuwa kupanda kivuko kwenda Bweni na kurudi, mara moja kwa magharibi, na mdogo wangu akiwa nasi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba kazi yake ya kutuchunga imekwisha. Mto Pangani pale mdomoni ni mpana na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Turudipo tulipita karibu na boma la zamani, na mwenzangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu "nimekubali", akasema Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani, alinyongwa mji huu huu, Desemba 1889, na yeye leo wamemfunga hapa hapa. Nikajua nimeolewa na mtu wa mzaha. Hadi hapo nilikuwa sijui.

Sasa nyumbani.

Mama alikuwa jikoni anachoma mikate ya kumimina, ndiyo biashara yake. Shangazi alitusindikiza ili aseme yeye, akasema vizuri, kwa kuzunguka, kuanzia habari za mvua. Mama hakugeuka. Alingoja mkate uive, akauchomoa, akauweka kwenye ungo, ndipo akauliza neno moja tu: "Walii nani?"

Hakuna aliyejibu. Macho yote yakamwendea baba. Baba akakumbuka kwamba amesahau kitu msikitini.

Kwa muda mrefu baada ya hapo mama alimpikia baba, akamfulia, akamwekea maji ya kuoga, na hakumsemesha. Yaliyobidi kusemwa yalipita kwa mdogo wangu. "Mwambie babako mafuta ya taa yamekwisha." Baba amekaa hatua tatu kutoka hapo. "Nimesikia," anasema baba. "Mwambie babako sijaongea naye." Mwenzangu alikuja na wazee wa kwao kuomba radhi, wakaleta halwa, kilemba, mkaja na ubeleko, vyote kwa mpigo. Mama akavipokea kwa adabu na kuvifungia kabatini bila kuvifungua.

Mtaani walisema mama ameona aibu. Wengine walisema nina mimba, wakaanza kuhesabu. Wala haikuwa aibu. Siku moja aliniita chumbani kwake, akavuta sanduku la bati kutoka mvunguni, akatoa daftari la shule lenye jalada lililobandikwa kwa gundi ya ngano. Ukurasa wa kwanza uliandikwa 1983, mwaka niliozaliwa mimi. Kalamu ya risasi, mwandiko wa mtu aliyesoma madrasa kwanza ndipo akajua herufi za kizungu. Jina, mtaa, kitu. Makorora, doti moja ya kanga. Chumbageni, shilingi 20. Barabara ya kumi na mbili, sufuria kubwa na mwiko. Mabawa, mchele kilo tatu. Kurasa na kurasa. Kila harusi aliyokwenda, kila mwari aliyemtunza, kila kitchen party ya miaka ya karibuni, senti zote za mikate ya kumimina zilikuwa humo.

"Nina watoto wa kiume watatu," akaniambia. "Binti ni wewe peke yako. Kwa mtoto wa kiume watu huja kula. Kwa mwari ndipo hulipa." Akafunua ukurasa mwingine, akaupiga kwa kidole. "Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimecheza kwa watu miaka ishirini na mbili. Siku yangu ya kucheza kwangu, babako kaiuza kwa simu."

Nasoma sana siku hizi vijana wakishauriana kwamba harusi ni ubadhirifu, bora ndoa ya watu kumi na hela ya ukumbi ikanunue kiwanja. Kwa kina baba walio kwenye kamati, sawa. Kamati zina mweka hazina, zina namba ya simu ya kutumia michango, ukumbi unalipwa, mshereheshaji analipwa, fedha inaondoka mtaani na hairudi. Lakini anayeziweka shughuli za kina mama kwenye kapu hilohilo anahesabu kinachotoka tu. Hawa wanawake hawakuwa na benki iliyowataka. Walikuwa wakiwekeana wao kwa wao, na siku ya kutoa ilikuwa siku ya binti yako. Mimi nilikwenda kwa wenyewe Pangani, nikala pilau la watu, na akiba ya mama ikabaki mikononi mwa wanawake wa mitaa tisa.

Sikujuta, na nisije nikadanganya hapa ili mambo yapendeze. Ningekaa dirishani pale leo, ningetoka uani tena. Ila deni lilikuwepo, na mama si mtu wa kusamehe deni.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwaka uliofuata. (Waliokuwa wakihesabu walivunjika moyo.) Nilikwenda kujifungulia kwa mama kama desturi, na zilipokaribia arobaini nikaanza kuona mambo. Lilikuja jora la sare. Wakaja wapaka hina. Akaja somo yangu, kungwi wangu, ambaye hatukuwa tumeonana tangu nivunje ungo, na mfuko wa singo. Nikauliza, singo ya nini, mimi nina mtoto? Mama akasema, "Kaa mkekani."

Nikakaa. Nikasingwa, nikapakwa hina hadi vifundoni na piko juu yake, nikafunikwa kanga kichwani kama mwari, na huku namnyonyesha mtoto chini ya hiyo kanga. Uani kulijaa wanawake. Walikuja wakidhani wamealikwa arobaini, wakakuta ngoma ya harusi. Mama mmoja mwenye sauti kubwa akasema wazi kwamba tangu azaliwe hajaona mwari ananyonyesha. Mama yangu akasimama. "Mwari mlimkosa," akasema, "mimi sikuwakosa ninyi." Na binamu yangu alikuwa amekaa kando ya mlango, daftari limefunguliwa magotini, kalamu sikioni.

Hapo ndipo walipoelewa. Kilizuka kicheko ambacho sijasikia mfano wake. Waliokuja na sabuni za mtoto na beseni waliambiwa ahsante sana, hivyo ni vya mtoto, wekeni pale. Sasa ile doti ya mwaka 1991 iko wapi? Wapo waliorudi nyumbani kuchukua. Wapo waliobisha, mama akawasomea tarehe na jina la mwari waliyemwoza siku hiyo. Mmoja alisema alikwisharudisha, na kweli ilikuwepo alama ya vema, mama akamwomba radhi mbele ya watu na kumpa pilau la kwanza. Hadi usiku nilikuwa na doti za kanga zimepangwa kunizidi kimo nikiwa nimekaa, na sufuria za kufungulia hoteli.

Usiku huo mama akamwita baba kwa jina la mtoto wangu, "Babu fulani, njoo ule." Baba alikula mbio mbio, asije akabadilisha nia.

Baiskeli nilipata kabla ya hapo. Aliiunga kwa mwili wa Phoenix ya zamani na magurudumu ya sehemu mbili tofauti, na kapu alisuka mama yake kule Muheza. Naiendesha bado, ingawa tairi la nyuma limekuwa na tabia.

Baba alitangulia mbele ya haki miaka kadhaa iliyopita. Mama yupo, macho yamepungua, daftari analisomewa na wajukuu. Limebaki jina moja ambalo halina vema: mwanamke wa Makorora, sufuria kubwa, 1994. Alihamia Korogwe muda mrefu. Mwezi uliopita aliozesha mjukuu wake hapa mjini na akatualika. Nikampeleka mama kwa teksi. Yule mama akamkumbatia, akamkalisha kiti cha mbele, akamletea sahani ya pilau, ya pili, na nyama ya kufunga nyumbani. Njiani kurudi nikamwambia, mama, sasa tumpige vema huyu, yaishe.

"Kwa lipi?" akasema. "Pilau si sufuria."